Kitendawili cha Daraja la Njia Nane

Kitendawili!

Tega!

Babu ana njia nane mgongoni, hana hata moja ya kupitisha mguu.

Naona mnatazamana. Huyu anasema reli, yule anasema barabara ya mwendokasi. Siyo. Mmeshindwa, basi nipeni mji. Tanga? Tanga nimekwishapewa na watoto wengi, sina pa kuiweka tena. Mombasa? Mombasa tutaipitia njiani. Leo nataka mji wa mbali, kusini kabisa, ng'ambo ya Australia. Nipeni Auckland, mji mkubwa kuliko yote ya nchi ya Nyuzilandi.

Haya, mmenipa. Nimekwenda Auckland, nimekula samaki wake, nimelala, nimerudi, na jibu nimerudi nalo. Ni daraja. Linaitwa Daraja la Bandari ya Auckland. Sogeeni karibu, maana hadithi yake ni ndefu kama lenyewe, na lenyewe lina urefu wa mita 1,020. Ungeanza kulitembea upande huu hatua kwa hatua, ungefika ng'ambo baada ya robo saa hivi. Lakini huwezi kulitembea, na hapo ndipo penye hadithi.

Auckland imekaa na maji kama miji yetu ya pwani. Katikati unaingia mkono wa bahari ambao Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, wanauita Waitematā. Kusini ya maji ndiko mjini, kwenye maduka na ofisi na bandari. Kaskazini palikuwa na mashamba na vijiji vya ufukweni. Mtoto wa Kigamboni au wa Likoni haelezwi zaidi ya hapo: unauona mji kwa macho, unasikia hata honi zake, lakini kuufikia ni mpaka upange foleni ya kivuko. Watu wa kaskazini ya Auckland walivuka kwa feri, na magari yao nayo yalivushwa kwa feri. Asiyetaka kungoja alizunguka kwa barabara kuufuata mkono wa bahari hadi unapokwisha, safari ya kilomita kama 50, ili afike mahali alipokuwa akipaona tangu asubuhi.

Kwa hiyo hamu ya daraja ilikuwa ya siku nyingi. Mnamo 1860 wakulima wa kaskazini walitaka kuswaga mifugo yao hadi soko la mjini, wakamtafuta mhandisi aitwaye Fred Bell. Akawapendekezea daraja la kuelea, lililolalia maboya juu ya maji. Halikujengwa. Msicheke wazo lenyewe, kwa sababu Mombasa walilifanya kweli: daraja la zamani la Nyali, lililofunguliwa 1931, lilielea juu ya maboya, na aliyepita alilipa. Lilitumika mpaka lilipokuja daraja la zege la 1980, hili mnalolijua.

Auckland waliendelea kungoja. Vita viwili vya dunia vikapita wakiwa wangali wanavuka kwa feri. Mwaka 1946 tume ya serikali ikakaa, ikasikiliza watu, ikapima, ikatoa ushauri wake: jengeni daraja lenye njia tano au sita za magari, na pembeni, huku na huku, muweke njia ya waenda kwa miguu.

Likumbukeni neno hilo, njia ya waenda kwa miguu. Lilikuwapo kwenye karatasi.

Daraja ni ghali, na serikali ya wakati ule ilitaka kubana matumizi. Ikachukua kalamu ikaanza kupunguza. Njia za magari zikashuka zikawa nne. Njia za miguu zikakatwa zote mbili. Hata barabara za kuingilia darajani zingepunguzwa, kama wananchi wasingepiga kelele. Mimi nimeshona nguo za watoto miaka mingi, nami najua jambo hili kwa mikono yangu: ukimshonea mtoto anayekua gauni la kumkaa sawasawa, umemshonea la miezi sita. Mshonaji mwenye huruma huacha pindo. Daraja la Auckland lilishonwa bila pindo.

Ujenzi ulianza 1955. Kampuni mbili za Uingereza, Cleveland Bridge na Dorman Long, zilikuja na vyuma, na nguzo zikasimamishwa majini. Juu ya nguzo wakafunga vyuma kwa mpango wa pembetatu pembetatu, na nawaomba leo mkifika nyumbani mjaribu kwa vijiti. Funga vijiti vinne kwa kamba upate mraba, kisha usukume kwa kidole: utalala upande kama mlevi. Funga vitatu upate pembetatu, sukuma: haiendi kokote. Ndiyo maana ukitazama mnara wa simu, au kenchi la paa la shule, au daraja la vyuma, utaziona pembetatu zimepangana. Pale katikati waliliinua daraja likae juu ya maji mita 43, ili meli zipite chini yake.

Wiki ile kabla ya kufunguliwa, Mei 1959, waliruhusu watu waje kulitazama kwa miguu. Wakaja zaidi ya 100,000. Wazee, akina mama na vikapu, watoto mabegani mwa baba zao, wote wakatembea juu ya bahari ambayo maisha yao yote walikuwa wakiivuka kwa feri. Kisha tarehe 30 Mei, Gavana Mkuu, Lord Cobham, akalifungua rasmi, na tangu hapo likawa la magari. Miguu ya watu wale 100,000 na zaidi iliaga siku ileile iliyokaribishwa.

Sasa habari ya ushuru. Siku moja tulikuwa kwenye daladala, tunakwenda Kigamboni, na mjukuu wangu akaona magari yamepanga foleni kwenye vibanda vya malipo. Akaniuliza: "Bibi, kwani daraja si limekwisha kujengwa? Bado wanalipia nini?"

Ni swali zuri kuliko lilivyosikika. Nikamjibu hivi. Daraja lile la Kigamboni, ambalo lilifunguliwa Aprili 2016, lilijengwa kwa fedha za Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, pamoja na za serikali. Fedha za mfuko ni akiba za wafanyakazi, watakazozihitaji wakizeeka. Huwezi kuchukua akiba ya mtu ukaizamisha baharini usiirudishe. Basi kila anayepita na gari huacha kidogo pale kibandani, na kidogo kidogo ndiyo njia ya kurudisha kikubwa. Aendaye kwa miguu ana njia yake pembeni, hapiti kibandani.

Auckland walifanya vilevile. Daraja lilikuwa na mamlaka yake yenyewe, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na deni likalipwa kwa ushuru wa wapitaji. Gari dogo lilitozwa shilingi mbili na nusu. Ndiyo, shilingi! Nyuzilandi nao walitumia shilingi mpaka 1967, walipohamia dola na senti. Baada ya mwaka na kitu ushuru ukashushwa ukawa shilingi mbili. Vibanda vilikuwa upande wa kaskazini, dereva anapunguza mwendo, anashusha kioo, anatoa mkono, sarafu inalia, anapita.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo wapangaji hawakulipima vizuri. Daraja halivushi tu watu waliopo, linaleta wapya. Kabla yake, kuishi kaskazini kulimaanisha kuamka alfajiri uwahi feri. Baada yake, mtu alinunua kiwanja kaskazini kwa bei nafuu, akajenga, akanunua gari, na kila asubuhi akawa darajani. Mashamba yakawa mitaa. Mliokulia Kigamboni mmeliona kwa macho yenu: viwanja vilivyokuwa minazi mitupu leo vina ghorofa. Huko Auckland, kufikia 1965, magari kama milioni 10 yalikuwa yanavuka kwa mwaka, mara tatu ya yaliyotarajiwa. Daraja lilikuwa na umri wa miaka sita tu, na gauni lilikwishambana mtoto.

Wafanye nini? Fikirini kama nyinyi ndio wahandisi. Kulibomoa mlijenge upya? Watu watapita wapi? Kujenga la pili pembeni? Ni nguzo mpya, ni fedha mpya, ni miaka mingine ya kungoja. Kulipanua lile lile? Katikati pale kuna mapembetatu ya vyuma kulia na kushoto, yamezizunguka njia nne kama kuta. Huwezi kusogeza ukuta huku nyumba imejaa watu.

Walichofanya ni kuliacha daraja la zamani kama lilivyo na kulipachika mabawa. Nguzo zilizo majini zilikuwa imara, basi waliziongeza vichwa, vikatokeza nje pande zote mbili, na juu ya vichwa hivyo wakalaza daraja jingine jembamba upande wa mashariki, na jingine upande wa magharibi. Kila moja lina njia mbili. Nne za katikati, mbili huku, mbili kule: nane. Mabawa hayaelemei mapembetatu ya zamani hata kidogo. Yanasimama kwa miguu yao kwenye nguzo zilezile.

Na mabawa yenyewe hayakujengwa kwa pembetatu. Yalijengwa kwa masanduku ya chuma, marefu, matupu ndani. Umewahi kubeba mwanzi? Ni mrefu kuliko wewe mara tatu na mtoto anaubeba, lakini haupindi ovyo, kwa sababu nguvu yake iko kwenye ngozi ya nje, ndani ni hewa. Sanduku la chuma ni mwanzi wa mhandisi. Hata sakafu ambayo magari yanapita ni bamba la chuma lenye mbavu chini yake, badala ya zege zito. Ilibidi liwe jepesi, kwa sababu nguzo zilipigiwa hesabu kubeba njia nne, sasa zinaombwa zibebe nane.

Wepesi huo utarudi baadaye katika hadithi. Msiusahau.

Masanduku yalitoka Japani, kwa kampuni iitwayo Ishikawajima-Harima, yakavushwa bahari vipande vipande. Hili halikuwa jambo dogo. Vita vya Pili vya Dunia vilikwisha 1945, na katika vita vile Nyuzilandi na Japani walikuwa maadui. Kulikuwa na akina baba Auckland waliopoteza ndugu zao, na wapo waliokuwa na kinyongo bado. Kuchagua mafundi wa Kijapani wakati ule kulihitaji ujasiri, na nawapongeza waliochagua. Watu wa mjini wakaleta jina, nalo likashika mpaka leo: kwa Kiingereza chao wanayaita "Nippon clip-ons", yaani vibanio vya Kijapani, kama vile vibanio vya kuanikia nguo.

Mabawa yalifunguliwa Septemba 1969. Kuyaongeza kuligharimu zaidi, tena zaidi sana, kuliko ambavyo njia hizo zingegharimu kama zingejengwa tangu mwanzo. Na nadhani mmeshaanza kuhesabu: njia nne mpya, zote za magari. Walipopata nafasi ya pili ya kumpa mwenda kwa miguu haki yake, hawakumpa.

Njia nane hazikumaliza kazi. Ukisimama asubuhi karibu na daraja lolote la mji mkubwa utagundua kuwa watu ni kama maji kujaa na kupwa: asubuhi wote wanaingia mjini, jioni wote wanatoka. Nusu ya daraja imefurika, nusu nyingine inapita gari moja moja. Kuanzia 1982 Auckland wakaamua kuifuata tabia ya maji. Asubuhi njia tano zinaelekea mjini na tatu zinatoka. Jioni tano zinatoka na tatu zinaingia. Mwanzoni taa za juu ndizo zilizokuwa zinamwambia dereva njia ipi leo ni ya nani. Lakini taa si ukuta. Magari yalikutana uso kwa uso, watu wakafa.

Ndipo 1990 wakaleta ukuta unaotembea. Ni matofali mazito ya zege, yameunganishwa kwa pini za chuma kama shanga kwenye uzi, yamelala barabarani kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho. Mara nne kwa siku linakuja gari la ajabu, linaingiza matofali tumboni upande mmoja, linayapitisha kwenye mfereji uliopinda kama herufi S, linayatoa upande wa pili yakiwa yamehamia njia moja kando. Linakwenda polepole, likiacha nyuma yake ukuta mpya mahali pengine, na magari hayajasimama. Kati ya vitu vyote vya daraja hili, hiki ndicho ningelipa nauli kwenda kukitazama.

Na vibanda vya ushuru? Machi 1984 ushuru ulifutwa na vibanda vikaondolewa. Mtoto wa Auckland wa leo hajui kuwa babu yake alikuwa akishusha kioo pale. Huko kaskazini ya mji iko barabara nyingine ya kulipia, iliyofunguliwa 2009, nayo haina kibanda hata kimoja: kamera zinasoma namba ya gari likiwa kwenye mwendo wake, deni linaandikwa, mwenye gari analipa baadaye. Foleni ya kibandani, ile inayofanya daraja la njia sita lipitishe kama la njia mbili, haipo. Vijana wanaohangaika na kompyuta wanisikilize hapo: siku hizi kupanua daraja kunaweza kuwa ni kuondoa kizuizi kwenye malango yake, bila kuongeza hata msumari majini.

Sasa turudi kwenye mabawa mepesi. Chukua kipande cha waya, ukikunje mara moja. Hakikatiki. Kunja na kukunjua mara ishirini: kinapata joto, kisha kinakatika, wala hukutumia nguvu. Hali hiyo mafundi wanaiita uchovu wa chuma. Lori likipita juu ya bamba la chuma, bamba linashuka kidogo mno, jicho halioni, kisha linarudi. Lori la pili, vivyo hivyo. Fanya hivyo mara mamilioni. Katika miaka ya 1980 mabawa yalianza kuonyesha nyufa, nyembamba kama nywele, kwenye maungio. Wahandisi wanaingia tumboni mwa masanduku yale, wanatembea ndani na taa zao, wanakagua kila ungio kama daktari anavyopapasa mfupa. Malori mazito yakaelekezwa kupita katikati, kwenye daraja la zamani lenye mapembetatu. Na baada ya 2007 wakafanya kazi kubwa ya kuyapa mabawa nguvu: waliongeza ndani yake zaidi ya tani 900 za chuma. Nje huoni kitu. Magari yalikuwa yakipita juu wakati mafundi wanachomelea chini, gizani, kwenye joto la sanduku la chuma.

Hata hivyo lile la katikati nalo si mwamba. Septemba 2020 upepo mkali ulivuma ukalisukuma lori likagonga chuma kimoja kirefu cha mapembetatu, kikaharibika. Chuma kimoja tu. Njia za katikati zikafungwa, na kwa wiki kadhaa mji mzima ulikwama kwenye foleni. Mlipojaribu vijiti mliona: pembetatu ina nguvu mradi vijiti vyake vyote vitatu vipo.

Nimeruka mwaka mmoja makusudi, sasa naurudia.

Mwaka 1975 palikuwa na mama mmoja wa Kimaori, Whina Cooper, mwenye umri wa miaka 79. Wamaori walikuwa wamepoteza sehemu kubwa sana ya ardhi yao, na bado ilikuwa inaendelea kwenda. Mama huyu akasema tutembee. Tarehe 14 Septemba wakaanza safari Te Hāpua, kaskazini kabisa ya kisiwa ilipo Auckland, yeye ameshika mkono wa mjukuu wake mdogo, kwenda bungeni Wellington, kusini kabisa ya kisiwa hicho. Safari kama hiyo wao wanaiita hīkoi. Watu wakazidi kujiunga njiani. Na mtu akitoka kaskazini kwa miguu kuja Auckland, mbele yake kuna maji, na juu ya maji kuna daraja lisilo na pa kupita mguu.

Tarehe 23 Septemba walipita. Maelfu ya watu, wakapewa njia za magari, wakatembea juu ya bawa.

Na bawa likaanza kuyumba.

Halikupanda na kushuka. Liliyumba kushoto na kulia, polepole, kama dau lililofungwa gatini. Waliokuwapo walilisikia miguuni. Nitawaeleza kwa nini, na mnaliweza, kwa sababu mmepanda mtumbwi. Mtu anapotembea, mguu wa kushoto humsukuma kidogo kulia, na wa kulia humsukuma kidogo kushoto. Juu ya ardhi hakuna anayejali. Sasa simameni watu kumi mtumbwini, uyumbe kidogo tu. Kila mmoja atafanya nini? Atapanua miguu, atafuata myumbo ili asianguke. Hakuna aliyeamrisha, lakini wote kumi wameegemea upande mmoja kwa wakati mmoja, na mtumbwi unayumba zaidi, nao wanaegemea zaidi. Daraja zito la zege halisikii habari hiyo. Sanduku jepesi la chuma, lenye watu maelfu juu yake, linasikia.

Halikuvunjika, na halikuwa hatarini kuvunjika. Watu walivuka salama wakaendelea na safari, na tarehe 13 Oktoba Whina Cooper alifika bungeni na watu kama 5,000 nyuma yake.

Miaka 25 baadaye, Juni 2000, London walifungua daraja jipya la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, jembamba na zuri kama upinde. Siku ya kwanza watu walipojaa, likayumba kushoto na kulia hata wakashika kingo. Likafungwa baada ya siku mbili, likafunguliwa tena 2002 baada ya kuwekewa vizuia myumbo. Wahandisi walipotafuta duniani kama jambo hilo limewahi kutokea kwingine, walikuta Auckland, 1975: daraja kubwa la barabara, la njia nane, limeyumbishwa na miguu ya watu. Walikuta hata kasi ya myumbo wake, kwenda na kurudi kwa sekunde moja na nusu. Fikirini jambo hilo. Magari mamilioni kwa mamilioni yamepita juu ya daraja lile, na waliowafundisha wahandisi wa dunia tabia yake ni watu waliokuwa hawana ruhusa ya kutembea juu yake.

Wenye miguu na baiskeli hawajaacha kuomba. Mei 2009, daraja lilipotimiza miaka 50, waliandamana mpaka wakaingia darajani. Palikuwa na mpango wa kuning'iniza njia ya miguu pembeni ya bawa, ukazungumzwa miaka na miaka. Juni 2021 serikali ikatangaza kitu kikubwa zaidi, daraja jipya kando, la miguu na baiskeli pekee, kwa dola za Nyuzilandi milioni 785. Oktoba mwaka uleule ikaufuta mpango. Siku moja kwa mwaka wakimbiaji wa mbio za marathoni huruhusiwa kuvuka, magari yakipisha. Mimi naona ni haki ndogo mno kwa mji ulioambiwa tangu 1946 kwamba miguu inahitaji njia, na kila mara ninapopita Kigamboni nikamwona kijana anavuka kwa miguu yake na ndoo ya samaki, namtazama mpaka anapotea.

Tarehe 13 Novemba 2024 Wamaori walitembea tena. Safari hii walikuwa wanatetea Mkataba wa Waitangi, uliotiwa saini 1840 kati ya machifu wao na ufalme wa Uingereza. Wakatoka kaskazini kama bibi zao, wakafika kwenye maji. Polisi wakawafungia njia mbili upande mmoja. Watu maelfu wakapanda bawani na bendera zao, wengine na viti vya magurudumu, wengine na watoto mabegani, wakiimba. Magari yalipita upande wa pili yakipiga honi za kuwaunga mkono. Na pale katikati, juu kabisa, wakahisi kitu miguuni, wakatazamana, wakacheka, wakaendelea kutembea.

Daraja lilikuwa linayumba.